Maono Yaliyogawanywa kwa Jumapili: Maisha ya Johann Sebastian Bach



Kamati ya maandalizi ilipogawa kurasa za kijitabu hiki, wazee wetu waliachiwa historia ya kwaya, mweka hazina akapewa shukrani, nasi tulioshika kalamu ya kwaya tukaombwa kuandika maisha ya mtu mmoja wa zamani aliyekuwa na maono na akayafanyia kazi. Wengine walipendekeza mmisionari, wengine mfalme. Sisi tumemchagua mwalimu wa kwaya.

Tuna sababu. Tulipokuwa tukitafuta picha za zamani kwa ajili ya sherehe hii, tulivifungua vitabu vya kumbukumbu za mikutano yetu kuanzia cha kwanza kabisa. Karibu kila mkutano mkuu wa mwaka umeandika jambo lile lile: tunataka kuwa kwaya inayoimba sauti nne kikamilifu, inayolifundisha kanisa nyimbo mpya, na inayowalea watoto waje wachukue nafasi zetu. Ni maono mazuri. Ila hatukuandika ni wimbo upi, nani ataufundisha, wala utaimbwa lini. Mwaka uliofuata tukayaandika tena kwa maneno yale yale, tukafunga kwa maombi, tukaenda nyumbani.

Yaliyotimia katika miaka hii 25 ni yale yaliyopewa siku. Sare zilishonwa kwa sababu Pasaka ilikuwa na tarehe. Kinanda kilinunuliwa kwa sababu harambee ilitangazwa Jumapili fulani na kila sauti ikapewa kiwango chake. Basi tukajiuliza: mtu akiwa na jambo kubwa moyoni, hulitoaje humo hadi likafika madhabahuni? Johann Sebastian Bach alihangaika na jambo hilo maisha yake yote, na maisha yake yana mengi ya kutufaa.

Yatima mwenye sauti nzuri

Bach alizaliwa mwezi wa Machi 1685 katika mji wa Eisenach, Ujerumani, akiwa kitinda mimba wa watoto wanane. Ukoo wao ulijulikana kwa muziki kama vile koo nyingine zinavyojulikana kwa uhunzi au useremala. Baba yake alikuwa mwanamuziki wa mji, mpigaji wa fidla na tarumbeta. Lakini mama yake alifariki mwaka wa 1694, na baba akamfuata miezi michache baadaye. Mtoto huyo alikuwa hajatimiza miaka 10.

Kaka yake mkubwa, Johann Christoph, aliyekuwa mpiga kinanda wa kanisa katika mji mdogo wa Ohrdruf, alimchukua na kumfundisha kinanda. Familia ilisimulia baadaye kwamba kaka huyo alikuwa na kitabu cha muziki wa watunzi mashuhuri, alichokifungia kabatini. Mdogo wake alikuwa akipenyeza mkono usiku na kukitoa, kisha ananakili kwa mwanga wa mbalamwezi, kwa kuwa hakuwa hata na mshumaa. Kazi hiyo ilimchukua miezi sita. Kaka yake alipogundua, alimnyang'anya nakala yote.

Nyumba ya kaka ilipojaa watoto, Bach alilazimika kujitafutia njia. Mwaka wa 1700, akiwa na miaka 15 hivi, alisafiri zaidi ya kilomita 300 kwenda Lüneburg, kaskazini mwa nchi, ambako shule ya kanisa la Mtakatifu Michael iliwapa nafasi wavulana maskini wenye sauti nzuri. Alilipia masomo yake kwa kuimba. Muda mfupi baadaye sauti yake ilivunjika, kama inavyowapata vijana wetu wote. Alimaliza masomo hayo, lakini chuo kikuu hakukifikia.

Akiwa na miaka 18 aliajiriwa kuwa mpiga kinanda katika mji wa Arnstadt. Hapa hatutaki kumfanya malaika. Alikuwa na hasira za haraka. Aligombana barabarani na mwanafunzi mmoja mpiga ala mpaka upanga ukachomolewa. Viongozi wa kanisa walimlaumu kwa kutowafundisha wanafunzi kuimba, na kwa kupiga kinanda kwa madoido mengi hata washirika wakapoteza wimbo. Mwaka wa 1705 aliomba ruhusa ya majuma manne aende Lübeck, umbali wa kilomita 400 hivi, kumsikiliza mpiga kinanda mkuu Dieterich Buxtehude. Alikwenda kwa miguu. Alirudi baada ya miezi minne hivi, na wakubwa wake walikuwa wakimsubiri.

Maono yaandikwa kwenye barua

Mwaka wa 1707 Bach alihamia kanisa moja katika mji wa Mühlhausen, na mwaka huo huo akamwoa Maria Barbara, binamu yake. Hakukaa. Mwezi wa Juni 1708 aliwaandikia wakubwa wa mji barua ya kujiuzulu, na katika barua hiyo alieleza kwa mara ya kwanza jambo alilokuwa nalo moyoni. Alisema kwamba lengo lake ni kuwa na muziki wa kanisa uliopangwa vizuri, kwa utukufu wa Mungu. Alikuwa amekusanya nyimbo nzuri za kanisa kwa gharama yake mwenyewe, lakini aliona kwamba hapo kazi hiyo haingeendelea bila upinzani, na mshahara haukumtosha.

Alikuwa na miaka 23. Ukiisoma barua hiyo kwa jicho la katibu wa kwaya, utaona inafanana sana na vitabu vyetu vya kumbukumbu. Maono yapo. Idadi hakuna, tarehe hakuna. Angeweza kuyabeba hivyo hivyo mpaka uzeeni na kuwasimulia wajukuu. Ila alichofanya baada ya hapo ni kuanza kuyakata vipande, na vipande hivyo tunaweza kuvihesabu.

Kitabu cha kurasa tupu

Kazi iliyofuata ilikuwa katika jumba la mtawala wa Weimar, kwanza kama mpiga kinanda. Huko alifunga kitabu kidogo cha muziki wa kinanda juu ya tenzi za kanisa. Kabla hata ya kutunga, alichukua tenzi 164, akazipanga kwa kufuata mwaka wa kanisa kuanzia Majilio, na juu ya kurasa akaandika jina la kila utenzi, nafasi ya nota akiiacha tupu. Kisha akaanza kujaza, utenzi mmoja baada ya mwingine. Baadaye alipokiandikia kitabu hicho anwani, alieleza kwamba kilikusudiwa kumfundisha mpiga kinanda anayeanza.

Hakukimaliza. Alikamilisha 46 tu, na kurasa nyingi zilibaki na jina pekee. Sisi tulio walimu tunaijua hali hiyo: azimio la kazi la muhula lina majuma kumi na mawili, na mtihani unafika ukiwa juma la tisa. Lakini zile 46 zinapigwa makanisani mpaka leo, na wanafunzi wa kinanda bado wanafundishwa kwazo. Kama angesubiri mpaka awe na nafasi ya kuzitunga zote 164 kwa pamoja, pengine tusingekuwa na hata moja.

Mwaka wa 1714 alipandishwa cheo, na pamoja na cheo hicho akapewa jukumu jipya: kutunga kantata moja kila mwezi. Kantata ni muziki wa ibada wenye sehemu kadhaa, kwaya na waimbaji wa pekee pamoja na ala, unaofafanua somo la Jumapili hiyo. Hapo ndipo maono ya barua ya 1708 yalipopata kipimo kwa mara ya kwanza. Muziki wa kanisa uliopangwa vizuri ulikuwa sasa kantata moja, kila baada ya majuma manne, iwe mvua iwe jua.

Njia ya kwenda mbele haikunyooka. Mwaka wa 1717 nafasi ya mkuu wa muziki ilipopewa mtu mwingine, Bach alidai aachiliwe aende kwa mwajiri mpya. Alidai kwa ukali hata mtawala akamfunga gerezani karibu majuma manne. Alipotoka alikwenda Köthen, kwa mwanamfalme Leopold aliyependa muziki na kumlipa vizuri. Ila jumba hilo lilifuata mapokeo ya Calvin, na ibada zake hazikuwa na muziki mkubwa wa kwaya. Bach alitunga muziki wa ala ambao dunia nzima inaupenda, lakini lile lengo la barua lilikuwa limekaa kando.

Mwaka wa 1720 alisafiri na mwanamfalme. Aliporudi mwezi wa Julai aliambiwa kwamba Maria Barbara alikuwa amefariki na tayari amezikwa. Alibaki na watoto wanne. Mwishoni mwa 1721 alimwoa Anna Magdalena, mwimbaji wa soprano, ambaye mkono wake utaonekana tena katika hadithi hii.

Kila Jumapili ina wimbo wake

Mji wa Leipzig ulipotafuta mkuu wa muziki wa kanisa la Mtakatifu Thomas, Bach hakuwa chaguo la kwanza. Baraza la mji lilimtaka Georg Philipp Telemann, kisha Christoph Graupner, na wote wawili hawakupatikana. Kwa heshima ya dunia, kutoka jumba la mwanamfalme kwenda kufundisha wavulana wa shule kulikuwa ni kushuka. Alikwenda hata hivyo. Alianza kazi Jumapili ya tarehe 30 Mei 1723, akiwa na miaka 38.

Tazameni kazi aliyoipokea. Alisimamia muziki wa makanisa manne kwa kuwatumia wanafunzi wa bweni wa shule moja. Alifundisha kuimba, alisimamia nidhamu bwenini kwa zamu, na muziki wake ulihitajika katika arusi na mazishi. Kalenda ya kanisa ilidai kantata kila Jumapili na kila sikukuu, isipokuwa wakati wa Kwaresima na sehemu kubwa ya Majilio, ambapo muziki huo ulinyamaza. Kwa mwaka mzima zilikuwa karibu kantata 60.

Angeweza kutumia za watu wengine, na hakuna ambaye angemlaumu. Yeye aliamua kuzijaza Jumapili hizo kwa kazi ya mikono yake. Juma likawa na ratiba. Maneno ya kantata yalichapishwa mapema katika vijitabu vya Jumapili kadhaa ili washirika wafuatilie. Kijitabu kikishachapishwa hakuna kurudi nyuma. Bach alitunga siku za mwanzo wa juma. Kurasa zikikauka wino, wanafunzi walianza kunakili sehemu ya kila sauti na kila ala, kwa maana hapakuwa na mashine ya kutoa nakala. Anna Magdalena alinakili pia, na watoto walipokua nao waliketi mezani. Jumamosi kulikuwa na mazoezi. Jumapili ibada kuu ilianza saa moja asubuhi, na kantata ya dakika ishirini au thelathini iliimbwa baada ya Injili, kabla ya mahubiri. Jumatatu anaanza upya.

Juma likiwa gumu alichukua kantata ya zamani ya Weimar na kuirekebisha. Hakuona haya kufanya hivyo. Ibada ilikuwa na siku yake, na alichokuwa nacho ndicho alichokileta.

Mwaka wa kwanza ukaisha, akaanza wa pili, safari hii akijipa mpango mwingine: kila kantata ijengwe juu ya utenzi ambao washirika waliujua tayari. Aliuendeleza mpango huo kuanzia Juni 1724 mpaka karibu na Pasaka ya 1725. Katikati ya yote hayo alitunga pia Mateso ya Bwana kwa mujibu wa Yohana, yaliyoimbwa Ijumaa Kuu ya 1724, na miaka mitatu baadaye Mateso kwa mujibu wa Mathayo, yenye kwaya mbili zinazoitikiana. Kantata zake za kanisa zilizohifadhiwa hadi leo ni karibu 200, na nyingine nyingi zimepotea.

Kuna jambo dogo katika karatasi hizo ambalo lilitugusa. Mwanzoni mwa kazi nyingi aliandika herufi mbili za Kilatini za kumwomba Yesu amsaidie. Mwishoni aliandika herufi tatu zenye maana kwamba utukufu ni wa Mungu peke yake. Yale maono ya kijana wa miaka 23 yalikuwa yamefupishwa kuwa herufi tatu chini ya kazi ya juma. Hayakubaki barua ya kutunzwa. Yaliwekwa sahihi kila mara kipande kimoja kilipokamilika.

Hesabu ya waimbaji

Msidhani baraza la mji lilifurahi. Mwaka wa 1730 wajumbe walilalamika kwamba anazembea kazi ya kufundisha, wakazungumza juu ya kumpunguzia mapato. Yeye naye mwezi wa Agosti mwaka huo aliwapelekea maandishi marefu kuhusu mahitaji ya kwaya. Katibu yeyote wa kwaya angeyasoma kwa hamu, kwa sababu ndani yake hakuna kunung'unika tu, kuna hesabu.

Alieleza kwamba kila kwaya inahitaji angalau waimbaji 12, yaani watatu kwa kila sauti. Kwa nini watatu? Kwa sababu mmoja akiugua, wabaki wawili. Wakiwa wanne kwa kila sauti, ni bora zaidi. Akaorodhesha pia wapiga ala wanaotakiwa na nafasi ambazo hazikuwa na mtu. Kisha akawapitia wanafunzi wake wote 54 kwa majina: 17 wanafaa sasa, 20 watafaa wakifundishwa zaidi, na 17 hawafai kwa muziki. Kwa waimbaji hao ndio alikuwa ameimbisha kantata zote tulizozitaja. Hakusubiri kwaya kamili ndipo aanze.

Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo alikata tamaa kiasi cha kumwandikia rafiki yake wa shuleni, aliyekuwa na cheo mji mwingine, amtafutie kazi. Katika barua hiyo alieleza kwamba maisha ya Leipzig ni ghali, wakubwa hawaupendi sana muziki, na sehemu ya mapato yake inategemea mazishi. Hewa ikiwa nzuri watu hawafi, na mwaka uliotangulia alikuwa amepoteza zaidi ya thaler 100 kwa njia hiyo. Tulicheka tulipoisoma habari hiyo, kisha tukanyamaza. Nyumbani alikuwa na watoto wa kulisha. Katika ndoa zake mbili alizaa watoto 20, na kumi tu ndio waliofikia utu uzima. Mtu aliyeandika kwa utukufu wa Mungu alikuwa pia mtu aliyehesabu senti mwisho wa mwezi.

Kazi nyingine hakuipata. Alibaki Leipzig mpaka kufa, jumla ya miaka 27. Kasi ya kutunga kantata ilipungua. Alikuwa na hazina ya kutosha ya kurudia, na alijiunga pia na kikundi cha wanamuziki wa mji waliopiga muziki katika mkahawa wa kahawa. Alifundisha wanafunzi wengi. Siku zake za mwisho alikusanya sehemu alizotunga katika miaka mingi, akazirekebisha na kuongeza mpya, mpaka zikawa Misa moja kubwa inayoitwa leo Misa katika B ndogo. Hata kazi hiyo kubwa ilijengwa kwa matofali yaliyofyatuliwa moja moja.

Kilichobaki

Uzeeni macho yake yaliharibika. Mwaka wa 1749 baraza la mji lilimsikiliza mtu wa kumrithi, wakati yeye bado yuko hai na yuko kazini. Mwaka wa 1750 daktari msafiri kutoka Uingereza alimpasua macho mara mbili, na hali ikazidi kuwa mbaya. Alifariki tarehe 28 Julai 1750, akiwa na miaka 65, na kaburi lake halikuwekwa jiwe la jina. Anna Magdalena aliishi miaka kumi zaidi na akafa maskini, akisaidiwa kwa sadaka.

Kwa hesabu za siku hiyo, maono yalikuwa yameshindwa. Lakini nakala zilikuwepo. Anna Magdalena aliikabidhi shule karatasi za zile kantata za tenzi, sehemu za sauti ambazo wengi walizinakili, na wavulana wa Mtakatifu Thomas hawakuacha kuimba kazi za mwalimu wao wa zamani. Mwaka wa 1789 Mozart alipopita Leipzig, alisikia kwaya hiyo ikiimba moteti ya Bach, akashangaa, akaomba aonyeshwe karatasi za nota. Machi 1829 kijana wa miaka 20, Felix Mendelssohn, aliongoza Mateso ya Mathayo mjini Berlin kwa kwaya kubwa ya watu wa kawaida wanaopenda kuimba. Tangu hapo dunia haijaacha kumwimba Bach. Na kwaya ya wavulana ya Mtakatifu Thomas bado ipo, bado inaimba.

Sisi nasi

Wapendwa, kwaya yetu si ya Leipzig, wala hatuimbi kwa Kijerumani. Tunaimba kwa nota za solfa, kwa kayamba na kinanda kimoja. Lakini kila Jumapili tunaposimama katika safu nne, sauti ya kwanza mpaka ya nne, tunaimba kwa mpango ule ule aliowafundishia wavulana wake.

Leo mtasikia hotuba nyingi juu ya miaka 25 ijayo, na nyingine zitakuwa nzuri sana. Sisi tumeona tufanye kama yule mwalimu, tuanze kwa hesabu. Wanaume wa sauti ya tatu wamebaki wawili. Mmoja akisafiri anabaki mmoja, na mmoja peke yake si safu. Sote tumezisikia nyimbo ambazo tumeziacha miaka hii miwili, si kwa sababu hatuzipendi, bali kwa sababu hakuna wa kushika sauti hiyo. Yakiendelea hivi miaka mitano, hatutakuwa tena kwaya ya sauti nne, hata tuandike nini katika mkutano mkuu.

Kwa hiyo tumefungua kitabu kipya. Tumefanya kama Bach alivyofanya Weimar: tumeandika juu ya kurasa tarehe ya kila Jumapili kuanzia sasa mpaka Krismasi. Chini ya kila tarehe kuna nafasi ya wimbo, nafasi ya jina la atakayeufundisha, na nafasi ya jina la atakayetoa nakala. Kurasa nyingine zitabaki tupu, tunajua. Zitakazojazwa zitakuwa zimeimbwa.

Na lengo la kwanza la nusu ya pili ya jubilei hii ni dogo kiasi kwamba tuliona haya kulileta mbele ya kamati: kupata mwimbaji wa tatu wa sauti ya tatu kabla ya Majilio. Wapo vijana wawili katika darasa la kipaimara ambao sauti zao zimevunjika mwaka huu. Wanakaa nyuma karibu na mlango, wakiamini kwamba hawawezi kuimba tena. Hawajaambiwa kwamba sasa ndipo tunapowahitaji. Mzazi anayesoma hapa na kumtambua mwanawe, tafadhali mruhusu aje. Mazoezi ni Jumamosi, saa tisa alasiri, na tutamfundisha tangu do.

 Tukutane Jumamosi.